Vifaranga wa Uzi Mwekundu

Mke wa shemeji yangu alifika kwetu Kasongo juu ya piki-piki, kati ya mume wake na mfuko wa nguo, kuku jike amempakata mapajani kama mtoto mchanga. Matope yalikuwa yamempanda mpaka kwenye kope. Kutoka Salamabila mpaka kwetu, kwa njia ile, mtu mwingine angefika na malalamiko tu. Yeye alifika na kuku, tena kuku mzima, na kabla hajaonyeshwa pa kunawa alipiga magoti mbele ya mama mkwe wetu akamkabidhi kuku kwa mikono miwili.

Mama mkwe akacheka kwa sauti. Mimi niliolewa katika nyumba ile nikiwa msichana, nimepika, nimelima mpunga, nimewazalia wavulana watupu wa kubeba majina yao, na sikumbuki kama niliwahi kumchekesha vile. Nikasema moyoni, haya, tumeanza.

Lakini kuku si kilichoniuma. Kilichoniuma kilikuwa nyuma yangu kimeshika kitenge changu, kinachungulia. Yule mtoto wa kike alikuwa wa shemeji. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na shemeji alipotoka makaburini hakukaa. Alishika njia ya Salamabila kutafuta dhahabu, kama wanaume wanavyofanya wakishindwa kukaa na jambo ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa bado ninanyonyesha mwanangu wa mwisho. Mama mkwe aliniletea yule mtoto amezungushiwa shuka, akamweka mapajani pangu bila kuniuliza neno. Nilimwachisha mwanangu ziwa kabla ya wakati wake, nikampa huyu. Tangu hapo akawa wangu. Aliniita mama kwa sababu hakujua mama mwingine, na katika nyumba ile ya wavulana wenye kelele ndiye binti pekee niliyekuwa naye.

Sasa shemeji alikuwa amerudi na mke, na hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake. Kwetu mtoto ni wa baba yake. Baba akiwa hana mke, ndugu wanamlelea; akioa, mtoto anakwenda kwake. Walikuwa wamepata nyumba Kabambare, yenye chumba cha mbele cha kufanya duka. Ila bibi arusi ilimpasa kwanza akae kwa mama mkwe, apike kwa sufuria za mama mkwe, ajulikane ni mtu wa namna gani, mpaka mpunga uvunwe. Ndipo waende. Basi nilikuwa na binti mpaka mavuno.

Nilimwambia mume wangu aseme na mdogo wake. Mume wangu ni shemasi kanisani, mtu wa amani, tena amani ya kuchosha.

"Mutoto hafi kule," akasema. "Kabambare si mwisho wa dunia."

"Si mwisho wa dunia kwako. Wewe ulimunyonyesha?"

Akachukua jembe lake akaenda shamba.

Mungu anisamehe, nilitafuta kasoro kwa yule mwanamke kama mtu anavyotafuta mawe ndani ya mchele. Sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, nilitamani iwe chungu, ikawa tamu. Nilitamani awe mvivu, akawa wa kwanza kisimani. Aliniita "dada" kwa heshima, akinisalimia anachuchumaa kidogo, na kila alipochuchumaa nilizidi kumchukia. Mtu mbaya ungempigia kelele. Huyu ungemfanyia nini?

Halafu akamsuka mtoto. Nilitoka shamba nikamkuta binti yangu amekaa katikati ya magoti yake, nywele zimeunganishwa na meshi, nywele za bandia za Salamabila, zimeshuka mpaka mabegani, kichwa kinang'aa mafuta. Mimi nilizoea kumsuka kwa uzi mweusi, mistari minne, kwisha. Mtoto alikuwa anajigusa kichwani kama aliyevaa taji.

"Mama mukubwa, angalia!" akaniambia.

Mama mukubwa. Ndiyo, ndivyo inavyopaswa; mimi ni mke wa kaka wa baba yake. Hakuna aliyekosea. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa mama tu. Nikauliza nani kamfundisha kuniita vile, na mama mkwe akajibu kutoka jikoni, bila kuinua kichwa, kwamba ni yeye, mtoto lazima ajue watu wake. Nikaingia ndani nikaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kuku wake naye hakunipa nafasi ya kupumua. Kumbe alikuwa na mayai tumboni. Alitafuta pa kutagia, na katika kiwanja kizima alichagua jikoni kwangu, nyuma ya kuni, akatamia pale pale, akinikodolea macho kila nilipotaka kuwasha moto. Wakati ule kuku wangu mwenyewe, kishingo mweusi asiye na manyoya shingoni, alikuwa amekwisha angua. Vifaranga wake walikuwa wameanza kuota manyoya ya mabawa, wamechangamka, wakorofi, wanagombea chenga za mchele kama watoto wa shule kwenye maandazi. Nilijivunia wale vifaranga kupita kiasi. Kulikuwa na kitu kimoja pale nyumbani kilichokuwa changu bila mtu kunieleza ni cha nani.

Siku kuku wa mgeni alipoangua, mtoto alipiga kelele kiwanja kizima kikajaa. Vifaranga wa manjano watupu, wazuri, sitasema uongo. Na haikupita hata siku mbili, kuku yule wa Salamabila, asiyejua barabara yetu, akatoka mbele ya nyumba kutafuta mchwa. Piki-piki iliyobeba mifuko ya mchele ikampita juu. Dereva hakusimama hata kusema pole.

Sikufurahi. Lakini sikuhuzunika pia. Tulimpika kwa mawese. Bibi arusi hakula, alikaa na vifaranga wake kwenye kitunga, anawafunika na kitambaa, anapuliza pumzi ndani wapate joto. Mtoto alikuwa amekaa karibu naye, bega kwa bega, anapuliza pia. Mimi nilimaliza paja.

Mama mkwe akafuta vidole vyake, akaniambia, "Hawa wadogo utawatia kwa kuku yako."

"Mama, kuku yangu iko na watoto wake."

"Hata wewe ulikuwa na wako," akasema.

Akanyanyuka akaenda kunawa. Nililimeza neno lile pamoja na mfupa.

Nilijua vizuri sana habari ile itakavyokwisha. Kuku wangu atawalea, atawachimbia, atapigana na mwewe kwa ajili yao, na siku wakiota manyoya mwenyewe atakuja na kitunga, atasema asante dada, atawachukua. Nilijua kwa sababu ndiyo niliyokuwa ninafanyiwa mimi. Nilimtazama kishingo wangu anaparua jivuni, hajui lolote, nikamwambia kwa sauti, "Mwenzangu, wamekupata na wewe."

Kwetu kazi ya kuwachanganya vifaranga wa umri mbalimbali haifanywi ovyo. Kuku mama mara nyingi si tatizo, maana yeye hajui kuhesabu. Shida ni wale watoto wakubwa. Wameonja ukubwa, na mdogo akiingia wanamdonoa kichwani mpaka atambue nafasi yake, au afe. Kwa hiyo unawafunika wadogo chini ya kitunga chenye matundu, katikati ya kiwanja, na unamwaga chenga pande zote, ili wale wakubwa wale wakiwa wanawaona na wasiweze kuwafikia. Wanazoeana hivyo kutwa. Jua likikaribia kuzama unawapaka wote majivu, wakubwa kwa wadogo, wawe rangi moja. Halafu kuku akikaa kulala unawasukuma wadogo kutoka nyuma, chini ya mabawa, mmoja mmoja, kimya. Asubuhi anaamka na watoto wengi kuliko jana na hasemi neno.

Nilileta kitunga. Bibi arusi akaleta vifaranga wake ndani ya kitenge, na alipowamwaga chini nikaona kitu. Kila mmoja alikuwa amefungwa uzi mwekundu mguuni.

"Hii ni nini?"

"Ni uzi, dada."

"Ninaona ni uzi. Unaogopa nitakuibia?"

Akashtuka, macho yakamjaa machozi. "Hapana, dada, hapana! Ni ya kuwajua tu. Wasije kupotea katikati ya wako."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mama mkwe akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Niliuangalia ule uzi. Mtu anakupa watoto wake uwalee, na kabla hujawashika amekwisha waandika majina. Niliwafunika na kitunga kwa nguvu mpaka mtoto akasema pole pole, mama mukubwa.

Sasa, mtu aliyekua na kuku anajua. Kuku na kitu chekundu hawakai pamoja. Mimi mwenyewe nilijua, lakini hasira ilikuwa imekaa mbele ya akili. Wale wakubwa waliacha chenga. Walikuja kwenye matundu ya kitunga, wakainamisha shingo, jicho moja, jicho la pili. Waliona nyuzi zinatembea pale chini, nyekundu, nyembamba, ncha zinachezacheza. Minyoo ya bure! Mmoja akaingiza mdomo, akakamata ncha, akavuta. Kifaranga kikaburutwa mpaka kwenye tundu, mguu ukatoka nje, mwili umebaki ndani, na wenzake wote wakarukia mguu ule. Damu ikatoka. Damu nayo ni nyekundu.

Nilisikia ukelele, sijui wa mtoto, sijui wa yule mwanamke, au wangu. Nilipindua kitunga, nikawapiga teke wale wangu, wangu niliojivunia, wakatawanyika. Kisha nikakimbilia ndani kuchukua wembe.

"Mushike!" nikamwambia bibi arusi. "Usilie, mushike!"

Akamshika. Mikono yake ilishika vizuri, kidole chini ya tumbo, kidole juu ya bawa, na mimi nikakata. Uzi ukaanguka. Akaleta wa pili, nikakata. Tulikaa tumechuchumaa tumegusana magoti, vichwa karibu, na nikasikia harufu ya sabuni yake na ya moshi wa jikoni mwetu, ile ile yangu. Ni msichana tu, nikawaza. Mama yake yuko mbali na hapa. Kwa dakika ile moja nilikaribia kumpenda, na jambo lile liliniudhi hata nikakaza wembe.

Yule aliyeburutwa alipona, ila mguu ulibaki umepinda, anatembea kama anayekwepa matope. Nyuzi mtoto alizikusanya akazitupa motoni. Mama mkwe akaja na sahani ya majivu, akatupaka sisi pia kwa kurusha ovyo, na jua lilipoelekea kuzama vifaranga wote walikuwa rangi ya mawingu, wangu na wake, hujui nani ni nani. Adhana ilikuwa inatoka msikiti wa sokoni nilipokuwa nimelala kifudifudi mlangoni pa kibanda cha kuku, ninawasukuma wadogo chini ya kishingo. Alinguruma kwanza. Alinidonoa mkononi. Halafu akainua tumbo, akajitanua, akawafunika.

"Amekubali?" bibi arusi akauliza nyuma yangu.

"Yeye amekubali," nikasema.

Asubuhi wale wakubwa walijaribu kudonoa tena, na kishingo mwenyewe akawapiga. Watoto wake wa damu! Aliwapiga vichwani kwa ajili ya wageni. Nilisimama na sahani ya chenga mkononi nikamtazama, nikamwona mjinga kupita kuku wote wa Maniema.

Siku zilikwenda. Mpunga ukageuka rangi. Sisi wanawake tulikuwa tunashinda shambani kufukuza ndege, na tukirudi mtoto ndiye aliyekuwa na habari zote za kuku: nani amekimbizwa na mwewe, nani ameingia kwenye sufuria. Yule kilema alikuwa wake. Alimvunjia vipande vya kichuguu, akamlisha mchwa kwa mkono. Siku moja aliniuliza, "Mama mukubwa, huyu iko wa nani? Wako ao wa mama?"

Alisema mama. Si mama mudogo. Nilikuwa ninapepeta mpunga, na nikaendelea kupepeta.

"Ni wa kuku," nikamjibu.

Nilijaribu bado. Nilimwendea shemeji mwenyewe, nikakaa chini kwa adabu, nikamwambia amwache mtoto mpaka afike darasa la juu kidogo, shule ya Kasongo ni nzuri, ya masista, kule nani atamjua. Alinisikiliza. Alisema, "Shemeji, ulifanya kazi kubwa. Mungu anajua." Wanaume wakitaka kukunyima kitu wanamtaja Mungu. Nikamwambia kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Akasema ndiyo, ni kweli, akaangalia saa ya simu yake.

Basi mavuno yakaisha, na asubuhi moja piki-piki mbili zilikuwa kiwanjani, moja ya godoro na masufuria, ya pili ya watu. Nilikuwa nimemwogesha mtoto mwenyewe. Nilimpaka mafuta mpaka nyuma ya masikio. Nilimvalisha gauni la Noeli. Meshi zilikuwa zimekwisha kutolewa na nilikuwa nimemsuka kwa uzi mweusi, mistari minne, akakubali bila kulalamika, na nilipofika mstari wa mwisho nilifumua nikasuka tena ili niendelee kumshika kichwa.

Mume wangu aliomba. Aliomba sana, akataja barabara, madaraja, dereva, mvua. Baada ya amina bibi arusi akasema, "Dada, ngoja nichukue wale wangu." Alikuwa na kitunga kipya, chenye kifuniko.

Nikasema ndani yangu, haya, njoo, chukua vyote siku moja.

Tulikwenda wote kibandani. Kishingo alikuwa nje na kundi lake lote, wameota manyoya sasa, na majivu yalikuwa yamekwisha toka zamani. Nani wangu, nani wake? Wa manjano walikuwa wamegeuka kahawia, weusi wamegeuka madoa. Aliyejulikana ni kilema peke yake. Bibi arusi akachuchumaa, akamnyanyua yule kilema. Kilema alilia, sauti kubwa kuliko mwili, na kishingo akaja mabawa wazi, manyoya yamesimama, akamrukia mikononi. Kundi lote likapiga kelele. Alimdonoa mpaka ngozi ikatoka.

Yule mwanamke hakumpiga. Alimshusha kilema taratibu, akamtazama anavyokimbia kwa mguu wake mbovu mpaka chini ya bawa. Alikaa pale pale amechuchumaa, akanyonya kidole chake chenye damu. Alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji. Machozi ya kweli, ninaapa.

"Dada, niwaache," akasema. "Wamekwisha muzoea. Yeye ndiye mama yao sasa. Ni zambi kumutoa mutoto chini ya mabawa ya mama yake."

Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. Akamshika binti yangu mkono.

Nilisubiri asikie alichosema. Nilimtazama usoni, nikasubiri. Hakusikia. Mama mkwe ndiye aliyesikia. Aliniangalia, halafu akaangalia paa la jiko kana kwamba lilikuwa linavuja. Shemeji akapiga stata. Walimpandisha mtoto katikati, baba mbele, yule nyuma, na akamzungushia kitenge chake kumzuia baridi, akalifunga fundo vizuri, siwezi kusema hakulifunga vizuri.

"Mama mukubwa," mtoto akaita juu ya kelele za piki-piki, "kilema umupe chenga mbele ya wengine! Wanamunyanganya!"

"Nitampa."

"Mbele ya wengine!"

Wakaondoka. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka mama mkwe akanishika kiwiko, kitu ambacho hajawahi kufanya, akaniambia twende tukaanike mpunga. Tukaanika mpunga.

Jioni nilikwenda kufunga kibanda. Nilimpa kilema chenga zake kwanza, kama nilivyoagizwa. Kishingo aliketi, akajitanua, wakaingia wote chini yake, wanasukumana, wa damu na wa kuletwa, mpaka ukaona miguu tu, mingi, na mmoja uliopinda. Alifumba macho nusu. Alikuwa ameshiba watoto.

Huyu alionewa huruma, nikawaza. Huyu, kuku, alililiwa machozi.

Nilivua kandambili nikamtupia kwa nguvu zangu zote. Ikamkosa, ikagonga ukuta. Akafumbua jicho, akaniangalia, akalifumba, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka chini ya bawa. Nikalazimika kuingia ndani ya kibanda kwa magoti kuifuata kandambili yangu.